Eleveta inakaza ukitia bolti ya tatu: tundu unalolishuku huenda halina kosa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Najenga ndege ya alumini ya viti viwili kutoka kwenye seti ya vipande vilivyokatwa kiwandani. Sasa niko kwenye mkia. Eleveta ya kulia (kile kipande cha nyuma ya mkia kinachopanda na kushuka) inacheza vizuri kabisa. Ya kushoto nikiifunga kwa bolti mbili za beringi za jicho (pete zenye mkia wa skrubu ulioingia kwenye eleveta), ya nje na ya ndani, nayo inacheza vizuri. Nikitia bolti ya tatu, ile ya katikati, inapokuwa sawa na stabilaiza, yaani ile sehemu ya mkia isiyosogea, haina tatizo, lakini nikiishusha inaanza kukaza taratibu, na nikiipandisha inakaza pia, ingawa si sana. Tundu la bolti hiyo, kwenye mkono wa chuma uliochomelewa wa eleveta, nililitoboa mwenyewe kwa drili ya mkono, nikipitisha ncha ndani ya beringi ya katikati. Tatizo la pili: nikilinganisha kingo za nyuma za eleveta zote mbili, mkono wa kushoto unakaa mbele ya wa kulia kwa kama milimita 3, pale litakapotobolewa tundu la fimbo ya kusukuma. Bado sijalitoboa. Mwenzangu ameniambia nipitishe riima kwenye tundu la katikati lipanuke kidogo, mambo yaishe. Naomba ushauri kabla sijaharibu.

JIBU: Ndugu yangu, hiyo riima irudishe kabatini. Tundu likishapanuka halirudi, na katika yote uliyoniandikia hakuna hata moja linalothibitisha kwamba tundu ndilo lenye kosa. Tena ukisoma vizuri maneno yako mwenyewe, yanaelekea kulitoa tundu hatiani. Nitaeleza kwa nini.

Eleveta iliyoshikwa na bolti mbili haiwezi kukaza kwa sababu ya mpangilio, hata bawaba zake ziwe zimekaa ovyo namna gani, maana kati ya nukta mbili daima upo mstari mmoja ulionyooka. Nukta ya tatu ndiyo huleta ugomvi. Ni sawa na mlango wenye bawaba tatu: ukifunga mbili tu mlango unafunguka, hata kama fremu imepinda. Mtego uko hapa: bolti unayoitia mwisho ndiyo hubeba lawama, kwa sababu tu imefika mwisho. Kama ungeanza na ya katikati na ya ndani, ukamalizia na ya nje, leo ungekuwa unaniuliza habari za beringi ya nje.

Kwa hiyo jambo la kwanza, jaribu jozi zote tatu: nje na ndani, ndani na katikati, nje na katikati. Kama kila jozi inacheza na tatu kwa pamoja zinakaza, basi ni suala la mstari na si suala la beringi. Kama jozi yoyote yenye bolti ya katikati inakaza yenyewe, achana na mstari kwanza. Tatizo liko pale pale katikati, kwenye beringi au kwenye nafasi za pembeni, nami nitalifikia.

Sasa tuangalie namna inavyokaza. Unasema inapokuwa sawa na stabilaiza haina shida, kisha inakaza taratibu kadiri inavyoondoka hapo, chini na juu. Hiyo ni dalili ya thamani kubwa. Kitu kinachogusa kitu, kwa mfano sanduku la uzito wa kusawazisha eleveta linalosugua ncha ya stabilaiza, hakikazi taratibu. Kinagota, au kinakwaruza kwenye nyuzi (digrii) zile zile kila mara, mara nyingi upande mmoja tu. Kinachokua kidogo kidogo pande zote mbili ni mstari wa bawaba uliopinda.

Tena si kupinda kokote. Chukulia kwamba masikio yote ya stabilaiza, yaani vile vipande vyenye tundu vinavyoshika bolti za bawaba, yamenyooka na wewe ukatoboa tundu la katikati milimita moja nje ya mahali pake. Bolti ingekataa kuingia hata eleveta ikiwa sawa, au ungeiingiza kwa nyundo, na eleveta ingekaza karibu sawa katika kila nyuzi, kwa sababu kosa la tundu lingezunguka nalo popote likienda. Ukubwa wake haubadiliki. Hilo si tatizo lako.

Sasa chukulia kinyume chake. Sikio moja la stabilaiza upande wa kushoto limekaa nje ya mstari kwa milimita moja. Ukaning'iniza eleveta hapo, ukaifunga ikiwa sawa, ukatoboa tundu kupitia beringi ya katikati. Umefanya nini? Umenakili kosa la stabilaiza na kulihamishia kwenye eleveta. Katika nafasi ile uliyotobolea, kosa na nakala yake vinalingana, bolti inaingia bila shida, kila kitu kinapendeza. Ukiishusha eleveta, kosa lake linazunguka nayo, na lile la stabilaiza linabaki palepale. Hapo vinaanza kuachana. Kwa kosa la milimita 1, ukifika nyuzi 25 vimeachana kwa milimita 0.43. Bolti ya inchi 3/16, yaani milimita 4.76, ndani ya tundu lililotoboka vizuri haina nafasi ya kiasi hicho hata kwa mbali. Matokeo yake masikio yanapindishwa, beringi zinasukumwa ubavu, na mkono wako unahisi inakaza.

Ndiyo maana nasema tundu huenda halina kosa. Limeandika kwa uaminifu kile lilichoonyeshwa na stabilaiza. Ukilipanua, eleveta itacheza, kweli. Lakini itacheza kwa sababu umeipa ulegevu, na ulegevu kwenye bawaba za usukani ni mbaya kuliko kukaza. Kukaza kunamnyima rubani hisia ya mkono, na eleveta haitarudi yenyewe mahali pa trimu, yaani pale rubani alipoipangia kutulia. Ulegevu unafungua mlango wa flata, ule mtetemo unaojilisha kwa nguvu ya upepo na unaoweza kuvunja mkia ndani ya sekunde chache. Mwenzako hana nia mbaya, ila dawa yake inatibu mkono wako na kuiacha ndege inaumwa.

Hata hivyo haya ni mawazo ya mtu asiyeiona kazi yako. Tuyapime.

Anza kwa kuvua kila kitu kilichofungwa kwenye eleveta: kebo ya trimu, nyaya. Kebo ya trimu peke yake inaweza kuleta ugumu unaofanana na wa bawaba. Halafu angalia stabilaiza imelalia nini. Hili watu wengi hulipuuza. Stabilaiza ndefu iliyobanwa kwa klampu juu ya benchi lisilonyooka inajipinda kufuata benchi, na masikio yake yanajipinda nayo. Legeza klampu zote, iache ikae kwenye vihimili viwili karibu na katikati, pale itakaposhikwa na mwili wa ndege, kisha jaribu tena. Ikiwa ugumu umepungua sana, umeshampata mwizi na hujashika spana.

Kama bado inakaza, tafuta mizani ndogo ya springi, ile ya kuning'iniza. Ifunge kwenye ukingo wa nyuma wa eleveta kwa kipande cha utepe, uivute polepole, ukiandika usomaji kila baada ya nyuzi 5, toka juu hadi chini na kurudi. Mkono hudanganya, ukishaamini kwamba pana tatizo, utalihisi hata pasipo. Fanya hivyo hivyo kwa eleveta ya kulia ili upate cha kulinganishia. Uzito wa kusawazisha eleveta, ile risasi iliyomo, utaathiri namba, kwa hiyo usijali namba yenyewe. Tazama tofauti kati ya kwenda na kurudi katika nyuzi zile zile. Hiyo tofauti ndiyo msuguano.

Jaribio la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa halihitaji kifaa. Acha bolti ya nje na ya ndani zikiwa zimefungwa. Chomoa ile ya katikati. Weka eleveta sawa na stabilaiza, ingiza bolti kwa vidole viwili. Chomoa. Shusha eleveta nyuzi 20, ingiza tena. Chomoa. Pandisha nyuzi 20, ingiza. Bolti ikiingia kwa vidole ikiwa sawa na kukataa chini na juu, maelezo yangu ya nakala yamethibitika. Tazama pia inakataa kwa upande gani: chungulia kwa tochi kupitia tundu la mkono, utaona mwezi mwandamo wa chuma cha beringi upande mmoja wa tundu. Ulipo huo mwezi, ndiko mkono ulikohama. Ikikataa pote, hata ikiwa sawa, basi ncha ya drili ilitangatanga na mwenzako alikuwa sahihi kuhusu mahali pa kosa, ingawa si kuhusu dawa. Na ikiingia pote kwa vidole bila kinyongo, mstari wako umenyooka, na ugumu unaletwa na kukazwa kwa nati.

Hilo la mwisho hukulisema: je, inakaza bolti ikiwa mkononi tu, au baada ya kufunga nati? Jibu lake linabadilisha kila kitu. Ule mkono wa chuma uliochomelewa hauwi umekaa umbali uleule kutoka kwenye beringi ya katikati kwa kila eleveta. Ukifunga nati bila kujaza nafasi iliyobaki kwa washa, nati inauvuta mkono, mkono unaivuta eleveta nzima kuelekea katikati, na vile viini vya mviringo ndani ya beringi za jicho vinabanwa ubavu. Pima nafasi hiyo kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) eleveta ikiwa imetulia yenyewe, usiisukume. Washa za kawaida za bolti hii, AN960-10, zina unene wa milimita 1.6, na zile nyembamba zenye herufi L mwishoni zina 0.8, kwa hiyo kwa kuzichanganya unaweza kufikia karibu kipimo chochote. Usidhani kushoto na kulia lazima ziwe idadi sawa. Na kwenye beringi za jicho angalia kwamba washa inagusa kiini cha katikati tu. Washa pana ikigusa pete ya nje, umeifunga beringi breki.

Wakati huo huo izungushe beringi ya katikati kwa kidole, ikiwa imevuliwa kila kitu. Ulipitisha ncha ya drili ndani yake bila bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma, ya kuilinda. Kama inakwaruza, kama kuna mchanga ndani, vumbi la chuma limeingia au ncha imechuna ukuta wake wa ndani. Usiioshe kwa mafuta ukitumaini itapona. Ibadilishe.

Twende kwenye mstari wenyewe. Una bahati moja kubwa: upande wa kulia unacheza bila shida katika nyuzi zote, maana yake sikio la nje la kulia, la ndani la kulia na beringi ya katikati viko kwenye mstari mmoja. Hao ni mashahidi wako watatu. Usiwaguse. Wapo wanaoanza kwa kuihamisha beringi ya katikati kwa sababu ndipo ugumu unapohisiwa, wakaishia na pande mbili mbovu.

Vua eleveta zote. Vuta waya wa chuma mwembamba, waya wa piano wa milimita 0.25 unafaa, upite katikati ya tundu la sikio la nje la kulia na katikati ya beringi, uendelee hadi ng'ambo ya sikio la nje la kushoto, ukaufungie nje kabisa ya stabilaiza pande zote. Kule mwisho upitishe juu ya pini ya chuma na uning'inize uzito wa kilo 6 au 7. Uzi wa kwanza wa gitaa la umeme mara nyingi una unene huo huo na hubeba mvutano wa kilo 7 hivi ukiwa umetyuniwa, kwa hiyo hautakatika. Kwa mvutano huo, katika urefu wa mita 2.6 waya unalegea katikati kwa chini ya milimita 0.1, kiasi usichohitaji kukihangaikia. Uzi wa kushonea haufai, unanyumbulika na una manyoya. Mwanga wa leza nao sijaupenda kwa kazi hii. Doa lake ni nene kuliko kosa unalolitafuta.

Ili waya ukae katikati kweli, chonga vizibo viwili vya plastiki vinavyoingia kwa kubana kwenye tundu la kwanza na kwenye beringi, vyenye kitundu kidogo katikati. Kisha nenda kwenye masikio mawili ya kushoto ukiwa na kalipa, upime kutoka kwenye waya hadi ukuta wa tundu: juu, chini, mbele, nyuma. Pima kila sikio uso wa ndani na uso wa nje, kwa sababu sikio linaweza kuwa limesokoteka badala ya kuhama. Utapata namba mbili zenye maana: kosa la mbele na nyuma, na kosa la juu na chini. Ziandike mbali mbali. Dawa zake hazifanani hata kidogo.

Ukikuta sikio liko nyuma kwa sehemu ya milimita, usikimbilie kununua jingine. Lichunguze pale linapolalia mhimili wa stabilaiza. Mara nyingi pana kipande cha ukucha wa alumini kilichobaki baada ya kutoboa, au kichwa cha riveti kilichokwenda upande kikaliinua sikio ukingo mmoja. Pitisha fila geji nyembamba kabisa chini ya ukingo wa sikio, kuzunguka kote. Ikiingia mahali, hapo ndipo. Toboa vichwa vya riveti kwa drili ndogo kuliko shina la riveti, ukitoboa kichwa tu, ukivunje kwa pini, usukume shina litoke huku umeshikilia nyuma kwa kipande cha mbao. Ondoa ukucha, laza sikio, libane, hakikisha na waya, ndipo uweke riveti mpya. Kwa riveti ya inchi 1/8, kichwa unachokitengeneza wewe kiwe na upana usiopungua milimita 4.8 na kimo kisichopungua 1.6. Lakini kama sikio limelala vizuri na bado liko mahali pasipo pake, si halali kulikunja kwa koleo. Alumini ngumu ya masikio haya ikikunjwa baridi inaweza kupata ufa usioonekana. Hapo unawaandikia waliokuuzia seti, ukiwapa namba zako za waya. Namba zitawafanya wakujibu haraka kuliko malalamiko.

Ukishainyoosha stabilaiza, eleveta yako ya kushoto itakuwa na ile nakala ya kosa la zamani, na sasa haina mwenzake wa kulificha. Usishtuke ikianza kukaza hata ikiwa sawa. Ni jambo la kutarajiwa. Ikiwa kosa lilikuwa la mbele na nyuma, beringi za jicho zitakuokoa, kwa kuwa unaweza kuziingiza au kuzitoa kwa kuzizungusha. Jicho lazima lielekee bolti, kwa hiyo unazungusha nusu duara kwa nusu duara. Kwa mkia wa inchi 1/4 wenye meno 28 kwa inchi, nusu duara ni milimita 0.45.

Hapa kuna ujanja. Wengi huzungusha beringi ya ndani kwa sababu iko karibu na tatizo, na kila nusu duara wanajikuta wamepita. Fanya hesabu. Tuseme kutoka beringi ya nje hadi ya ndani ni sentimita 90, na kutoka ya ndani hadi katikati ni 45. Nusu duara kwenye ya ndani inauhamisha mstari pale katikati kwa milimita 0.68. Nusu duara kwenye ya nje inauhamisha kwa 0.23 tu, tena kwa kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo ya ndani ni ya marekebisho makubwa, ya nje ni ya kumalizia, na ukizichanganya unaweza kukaribia mno. Weka vipimo vyako halisi mahali pa hivyo vyangu. Kila baada ya kuzungusha hakikisha mkia wa beringi bado umepita nati ya ndani ya mhimili na kutokea upande wa pili, na kwamba nafasi kati ya eleveta na stabilaiza haijaanza kuwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine kupita mchoro unavyoruhusu.

Unapokaza loki nati yake, jicho litataka kuzunguka nayo. Pitisha kipande cha chuma cha inchi 3/16 ndani ya jicho, kirefu kama mkono, ukishikilie sambamba na mhimili huku unakaza. Jicho likigeuka nyuzi chache tu, pete yake itagusa sikio eleveta ikishuka, nawe utarudi kuniandikia swali lile lile.

Kosa la juu na chini ni habari nyingine. Beringi za jicho hazina uwezo nalo. Ikiwa tundu la mkono wa kushoto limebaki juu au chini ya mstari baada ya kunyoosha stabilaiza, mkono huo wa eleveta utabadilishwa, au waliosanifu ndege wakupe kwa maandishi njia ya kuweka bushi. Usiuchomelee na kutoboa upya ukiwa umefungwa kwenye eleveta. Moto utaiharibu alumini iliyo jirani. Na kabla hujafikiria tundu lolote jipya, pima umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa chuma. Kanuni ya kuanzia ni mara mbili ya kipenyo, yaani milimita 9.5 kwa bolti hii.

Utakapotoboa tena mkono mwingine, chonga au chongesha kwenye lathi bushi ya chuma inayojaa beringi bila kucheza, yenye kitundu cha ncha ndogo. Toboa kidogo kwanza kwa kuongozwa na bushi, vua eleveta, kisha panua hatua kwa hatua kwenye drili ya kusimama, ukimalizia na riima ya kipimo. Hapo ndipo kazi halali ya riima ilipo.

Kuhusu milimita 3 za mikono miwili: hizo zisikunyime usingizi. Mikono imechomelewa, na chuma kikipoa hujivuta kinavyotaka. Ni nadra kukuta miwili inayofanana. Kinachotakiwa kulingana ni eleveta zenyewe, si mikono. Kosa baya ungelifanya kama ungeipanga mikono ilingane kwanza, kisha ukatoboa. Eleveta moja ingeruka ikiwa chini kidogo ya nyingine, ukawa na mkia unaosokotwa muda wote wa safari. Lakini kwanza hakikisha eleveta ya kushoto yenyewe haijasokoteka. Ilaze, weka rula mbili zilizonyooka kukatiza upana wake, moja kila mwisho, chuchumaa uchungulie kama zinafuatana. Zikipishana, tatizo liko ndani ya eleveta na milimita 3 zako ni dalili tu.

Zikiwa sawa, maliza kwanza mambo ya mstari wa bawaba, kisha zibane eleveta zote mbili kwa mbao zilizonyooka juu na chini zikiwa sawasawa na stabilaiza. Weka kipande cha mbao ngumu kati ya mikono miwili, kijae kabisa, na utoboe tundu la fimbo ya kusukuma kupita mkono wa kwanza, mbao, na mkono wa pili kwa mara moja. Mbao itaizuia ncha isitangetange. Tundu litakaa mbele kidogo kwenye mkono mmoja na nyuma kidogo kwenye mwingine, na hakuna ubaya, mradi ule umbali wa ukingo umetimia pande zote. Pima hilo kwa penseli kabla ya drili. Kwa milimita 3, ukigawana kosa nusu kwa nusu kati ya mikono, kwa kawaida nafasi inatosha.

Bolti na nati. Wakati wa majaribio haya yote tumia nati za kawaida na bolti za zamani, kwa sababu nati yenye nailoni ukiifunga na kuifungua mara nyingi inaacha kushika. Siku ya kufunga kabisa weka mpya. Kwa bolti ya AN3, yaani hii ya inchi 3/16, yenye nati nene ya kujifunga, kipimo cha kukaza ni pauni-inchi 20 hadi 25, yaani nyutoni-mita 2.3 hadi 2.8, kwa nati nyembamba ni 12 hadi 15, yaani 1.4 hadi 1.7. Mchoro wako ukitaja kingine, fuata mchoro. Juu ya hapo ongeza ule ugumu wa nati yenyewe unaousoma kwenye spana ya torki kabla nati haijagusa washa. Kiini cha beringi kikibanwa sawasawa, bolti haizunguki, beringi ndiyo inayozunguka. Pale ambapo bolti yenyewe inazunguka, nati ya kujifunga hairuhusiwi, hilo liko wazi katika waraka wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, wa AC 43.13-1B, weka nati yenye mataji na kota pini ya kuizuia isizunguke. Ukimaliza, pitisha mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye sikio ili mkaguzi aone kama imesogea, na rudia ile mizani ya springi uandike namba mpya chini ya zile za kwanza.